Jiko la uani Pangani: Namna ya kulikarabati mwenyewe kwa fedha kidogo

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

NYUMBA nyingi za familia katika kata ya Pangani, mjini Kibaha, zina majiko mawili. La kwanza ni chumba kilichochorwa katika ramani, chenye dirisha la vioo na nafasi ya karo, ambacho baada ya familia kuhamia hugeuka kuwa stoo ya mchele, ndoo na baiskeli mbovu. La pili ni kibanda cha uani, cha matofali yasiyopigwa lipu au cha miti na udongo, kilichoezekwa kwa mabati yaliyobaki wakati wa ujenzi wa nyumba kubwa. Hilo la pili ndilo jiko lenyewe. Humo ndimo ugali unamosongwa, nazi inamokunwa na maharage yanamochemka kwa saa tatu.

Pangani hii si ile ya Tanga iliyo kwenye mlango wa mto. Ni kata ya mkoa wa Pwani, katika mji ulio umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, na wengi wa wenye nyumba wake ni watu waliofuata viwanja vya bei nafuu kuliko vya jijini. Fedha yote iliishia kwenye msingi, kuta na paa. Kibanda cha jiko kilijengwa kwa siku mbili ili familia ipate pa kupikia wakati ujenzi ukiendelea, na miaka kumi baadaye bado kipo vile vile, kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi, sakafu imechimbika na mpishi anatoka nje kila baada ya dakika chache kufuta machozi.

Familia inapopata akiba kidogo na kuamua kulitazama jiko hilo upya, jambo la kwanza linalotajwa ni vigae, la pili ni makabati ya ukutani kama yale ya kwenye runinga. Hapo ndipo fedha hupotea. Kigae kilichobandikwa katika chumba kisicho na njia ya moshi huwa cheusi kabla ya mwaka kwisha, na kabati la mbao zilizosagwa likiguswa na maji huvimba, kisha mchwa wa Pwani humalizia kazi. Mpangilio wa matumizi unapaswa kugeuzwa: hewa kwanza, moto wa pili, meza na maji wa tatu, na urembo ufuate kama kitabaki kitu.

Sababu ya kuanza na hewa si starehe ya mpishi peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Hao ni watoto wanaobebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto. Nchini, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kuwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo mkakati hautoboi dirisha katika kibanda cha mtu. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, na bahati njema ni kazi ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya kwa nyundo, patasi na siku moja ya mapumziko.

Moshi wa moto hupanda. Ukikuta paa limezibwa hadi kwenye ukuta, hurudi chini na kumkuta aliyeinama. Kwa hiyo jiko linahitaji matundu ya aina mbili: ya chini, ambayo hewa mpya huingilia, na ya juu, karibu kabisa na bati, ambayo hewa ya moto hutokea. Mlango hutosha kuwa tundu la chini mradi ubaki wazi wakati wa kupika. La juu ndilo linalokosekana. Katika ukuta wa matofali, njia rahisi ni kuondoa kozi moja ya juu chini ya kenchi, mahali pasipobeba mbao, na kuweka matofali ya matundu. Katika ukuta wa miti na udongo, udongo hubomolewa kati ya fito na kuachwa wazi, kisha nafasi hiyo huwekewa wavu.

Upande wa kutoboa nao una maana yake. Mwambao wa Afrika Mashariki una pepo mbili kubwa, kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayovuma kutoka kusini kwa sehemu kubwa ya miezi inayobaki. Kwa kuwa pepo hizo hutoka pande zinazokaribia kukabiliana, kibanda chenye matundu ya juu katika kuta mbili zinazotazamana na pepo hizo hupitisha hewa mwaka mzima. Moto usiwekwe mbele ya mlango unaoelekea kusi, kwani upepo utaupeperushia mpishi majivu na kumaliza mkaa haraka.

Giza ni mwenzake moshi. Bati moja la kupitisha mwanga, lililopigiliwa badala ya bati moja chakavu, huondoa haja ya taa mchana na humwonesha mpishi mawe yaliyo ndani ya mchele. Ila kama paa ni la asbesto, kama ilivyo kwa baadhi ya majengo ya zamani, lisikatwe wala kutobolewa na mtu wa nyumbani, maana vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye.

Kwa wanaopikia kuni, matundu pekee hayatoshi, na hapo dohani, ambayo mafundi huiita bomba la moshi, inakuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote kitakachonunuliwa. Fundi wa bati hulikunja bomba la kipenyo cha inchi nne hadi sita. Ncha yake ipite juu ya mgongo wa paa kwa nusu mita au zaidi na ivikwe kofia ya kuzuia mvua. Linapopita karibu na mbao za kenchi, liache nafasi ya shubiri moja au zaidi kila upande. Nyumba iliyoezekwa kwa makuti isithubutu kulipitisha bomba katika paa. Litolewe kupitia ukutani, kisha lipande nje likiwa mbali na makuti. Asiyeweza kujenga bomba ndani ya jiko la udongo anaweza kuning'iniza juu ya mafiga kofia pana ya bati iliyounganishwa na bomba. Kofia za namna hiyo zilijaribiwa na akina mama wa Kimaasai wa Kajiado, nchini Kenya, na zikapunguza moshi ndani ya nyumba kwa kiasi kikubwa.

Mkaa hudanganya. Kwa kuwa hautoi moshi unaoonekana, wapo wanaodhani hauna madhara na huliingiza jiko linalowaka chumbani wakati wa mvua. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu, ikamlaza na kumuua bila kukohoa. Jiko la mkaa halina ruhusa ya kulala ndani na watu, hata moto wake ukiwa umefunikwa kwa majivu.

Baada ya hewa, moto. Hapa ndipo ukarabati unapoanza kujilipa wenyewe, kwa sababu fedha ya familia nyingi haiishii kwenye saruji bali kwenye kopo la mkaa linalonunuliwa kila siku. Kabla ya kununua chochote, inafaa familia ihesabu kwa wiki tatu ni mkaa kiasi gani unaokwisha. Tuchukulie nyumba inayomaliza gunia moja katika wiki hizo tatu. Jiko linalopunguza matumizi kwa theluthi moja litalifikisha gunia hilo wiki nne na nusu, na kwa mwaka mzima tofauti hiyo inakaribia magunia sita. Thamani ya magunia sita, kwa bei yoyote ya msimu, ni sehemu kubwa ya saruji itakayotajwa hapa chini.

Jiko la namna hiyo si kitu kigeni. Ni lile la bati lenye chungu cha udongo wa kuchoma ndani yake. Wakenya walilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, na umbo lake likaenea hadi Tanzania, ambako mashirika kama TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, yamefundisha mafundi kulitengeneza. Udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria, ilhali jiko la bati tupu hulitoa kwa miguu ya mpishi. Anayenunua achunguze kama chungu cha ndani hakina ufa na kimeshikamana na bati. Jiko lililopakwa rangi nzuri lenye chungu kinachocheza ni hasara.

Mpishi wa kuni anaweza kulijenga jiko lake mwenyewe bila kununua zaidi ya bomba. Ujuzi huo ulipata umaarufu duniani kutoka Guatemala, ambako baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 watu walijenga majiko ya udongo uliochanganywa na mchanga. Pangani hakuna upungufu wa vichuguu, na udongo wa kichuguu ndio unaopendwa na wajenzi wa majiko kwa kuwa unashikamana. Hupondwa, huchekechwa, huchanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha hukandwa kama unga. Tonge lake likianguka kutoka kimo cha kiuno na kutawanyika, mchanga umezidi. Likibaki kama mkate na kupasuka likikauka, udongo umezidi. Mdomo wa kuni usizidi upana wa sentimita 15, na nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko iwe ndogo, takribani upana wa kidole, ili ndimi za moto zilambe ubavu wa sufuria badala ya kukimbilia nje. Jiko likikamilika likauke kivulini wiki mbili au tatu. Haraka ya kuliwasha siku ya pili ndiyo inayoleta nyufa.

Kosa la mara kwa mara hapa ni kuweka saruji mahali pa moto kwa imani kuwa saruji ni imara kuliko udongo. Saruji haipendi moto. Ikipashwa na kupoa kila siku hupasuka na kumeguka vipande. Kona ya moto ijengwe kwa matofali ya kuchoma na ishikwe kwa udongo, na saruji ibaki kwenye meza, sakafu na lipu. Wenyeji wa upande wa Kisarawe wana mfano wa jambo hili karibu nao, kwani milima ya Pugu ina hazina kubwa ya udongo mweupe, kaolini, uliochimbwa kwa miaka mingi hadi kuacha mapango ambayo sasa ni makazi ya popo. Udongo huo ni malighafi ya vyombo vya kauri kwa sababu hustahimili joto kali ambalo zege haliwezi.

Gesi ikiwa imo katika mipango, chumba kitayarishwe kwa ajili yake tangu mwanzo. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, hivyo baadhi ya familia zina mtungi tayari ila zinautumia kuchemshia chai tu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye shimo au kabati lililofungwa, ikingoja cheche. Kwa sababu hiyo jiko la gesi linahitaji tundu la chini ukutani, usawa wa sakafu, pamoja na yale ya juu. Mtungi usimame wima na usifichwe ndani ya kabati, na asilani usiwekwe kando ya mafiga yanayowaka. Kila unapobadilishwa, kiungio kipakwe povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, kuna uvujaji. Kiberiti hakitumiki kupimia.

Wenye umeme wanapaswa kujua kwamba jiko la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kuuogopa umeme kwa kupikia. Lakini kuvuta waya hadi kibanda cha uani si kazi ya kujifanyia. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na ni moja ya sehemu chache za ukarabati huu ambazo kubana matumizi ni kuhatarisha maisha.

Sasa meza. Mpishi wa Pwani huinama kwa saa nyingi kwa sababu kila kitu kiko chini, ubao wa kukatia, beseni la mboga na ndoo ya maji. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani, kwa kupima muda na kuhesabu hatua za mpishi. Chumba chake kilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, kwa maana nyingine kidogo kuliko vibanda vingi vya uani, na takribani nyumba 10,000 ziliwekewa jiko hilo. Mkuu wa mradi huo, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 na kulima karibu na Arusha kabla ya kurejea kwenye usanifu, na hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake. Fikra ya jiko la Frankfurt haikuhitaji fedha: maji, moto na mahali pa kukatia viwe karibu kiasi kwamba mpishi ageuke badala ya kutembea.

Hata hivyo kuiga bila kufikiri si busara. Frankfurt hawakuni nazi. Mbuzi ya nazi huhitaji mtu kuketi chini, na kinu huhitaji sakafu isiyotikisika na nafasi ya mchi kupanda juu. Jiko la Pangani linalojazwa meza pande zote litamrudisha mkunaji uani kwenye jua. Ukuta mmoja wa meza unatosha. Kona moja ibaki wazi.

Meza ya zege yenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5 haihitaji mali nyingi. Miguu yake ni kuta fupi tatu, mbili za pembeni na moja ya katikati, kila moja ikiwa na kozi tatu za matofali ya saruji ya inchi sita, jumla matofali 12 hadi 14. Juu yake hufungwa mbao za kushikilia zege, kisha nondo moja ya mita 12 ya milimita 10 hukatwa vipande vinne vya mita 1.9 na vipande vinane vya sentimita 54, vikafungwa kwa waya kama wavu. Wavu huo usilale juu ya mbao. Vijiwe vya sentimita mbili na nusu viuinue, kwani nondo isiyofunikwa na zege hushika kutu na kuipasua meza. Zege ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto, na maji yawe kidogo. Zege la uji ni rahisi kumimina na rahisi kuvunjika. Kwa meza hiyo hutumika zaidi kidogo ya nusu mfuko wa saruji.

Mchanga nao upimwe. Ule wa pwani ya bahari usitumike kabisa, kwa sababu ya chumvi. Wa mtoni ujaribiwe kwa chupa: tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho yake. Tope litakalolala juu ya mchanga likiwa nene, mchanga huo uoshwe au uachwe kwa muuzaji.

Kisha huja siku saba ambazo wengi huziona kuwa za bure. Zege halikauki kama nguo, bali hugeuka jiwe kwa msaada wa maji, hivyo hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima kabla ya mbao kuondolewa. Uso wake hupigwa niru, ambayo ikisuguliwa vizuri kwa mwiko huwa laini, haivuji na huoshwa kwa sabuni kama kigae, kwa sehemu ndogo ya gharama yake.

Karo si lazima liwe jipya. Karo la bati lisilo na kutu, lililotumika, hupatikana kwa wauza vyombo chakavu, na tundu lake huachwa wakati wa kumimina zege. Palipo na bomba la maji ya Dawasa, fundi bomba huunganisha. Pasipo na bomba, ndoo yenye koki iliyowekwa juu ya kichanja hufanya kazi ile ile. Kinachosahauliwa ni maji machafu yanakokwenda. Bomba la plastiki la inchi mbili literemke sentimita 2.5 kwa kila mita, liwe na kona ya kushika maji chini ya karo ili harufu na mende visipande, kisha liishie kwenye shimo dogo lililojazwa kokoto au kwenye migomba. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe humo, kwani hugandamana na kuziba shimo ndani ya miezi michache.

Kuta zinabaki za mwisho kwa sababu njema: kila kilichotangulia huzichafua. Masizi husuguliwa kwanza kwa brashi, sabuni na maji ya moto, kwa kuwa rangi yoyote ikipakwa juu yake huota madoa ya manjano. Lipu haina haja ya kufika juu. Katika kibanda cha mita tatu kwa tatu, kupiga lipu hadi kimo cha mita 1.2 pekee, mahali panaporukiwa na maji na mafuta, kunahitaji mfuko mmoja na theluthi hivi kwa mchanganyiko wa saruji moja na mchanga tano, kwani mfuko mmoja hufunika takribani mita za mraba 10. Sakafu ya kibanda hicho hicho, kama ya zamani ingali imara na inahitaji tabaka jipya la sentimita 2.5, hula mifuko karibu miwili. Ukijumlisha meza, lipu, sakafu na niru, kazi nzima inakaa kwenye mifuko minne, mitano kwa asiye na uzoefu. Sakafu ya udongo mtupu ni hesabu nyingine, maana inahitaji zege la chini kwanza.

Sehemu ya juu ya ukuta hupakwa chokaa, rangi ya mababu wa mwambao ambayo bado haijapata mshindani kwa bei. Hulowekwa siku moja, hutiwa konzi ya chumvi ili ishike, na hupakwa mara tatu ikiwa nyepesi. Huangaza chumba, huzuia ukungu na huruhusu ukuta kupumua. Mpakaji afunike macho na mikono, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza.

Wakati wa kufanya haya yote ni kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yameisha na vuli haijafika. Kazi igawanywe ili familia isikose pa kupikia: matundu na bati la mwanga wiki ya kwanza, moto wiki ya pili, na meza kuanzia ya tatu, huku upishi ukihamia chini ya mti kwa siku za zege. Mpangaji aandikiane kwanza na mwenye nyumba juu ya gharama, kwani wapo waliojenga meza na kupandishiwa kodi kwa ajili ya meza hiyo hiyo. Anayetaka kuongeza chumba kipya, badala ya kutengeneza kilichopo, anahitaji kibali cha halmashauri kabla ya kuchimba msingi.

Kwa anayetamani kujifunza uashi wenyewe, na si kusoma tu, Kibaha ina bahati ambayo miji mingi haina. Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, lina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, aina ya chuo kilichokusudiwa kuwapa watu wazima stadi za mikono. Asiye na muda wa chuo anaweza kumlipa fundi mwashi siku moja tu, ile ya kumimina zege, naye akawa saidia fundi wake. Siku hiyo hufundisha mengi, na siku zinazofuata anaweza kuendelea peke yake na lipu, ambayo ikiharibika hukwanguliwa na kurudiwa bila hasara kubwa.

Jiko likishaanza kutumika, bomba la moshi lipigwe kwa fimbo na kusafishwa kila mwezi, kwa kuwa masizi yakijaa ndani yake moshi hurudi chumbani, na yakishika moto huweza kuunguza kenchi. Jiko la udongo lizibwe nyufa kwa udongo ule ule mara zinapoonekana, na chokaa ipakwe upya kila mwaka baada ya masika.